Santuri Niliyoifungia Kabatini

Wazee wenzangu tunapokutana jioni kwa kahawa hapa Kibiti, mazungumzo ya muziki hayakawii kufika kwa Mbaraka Mwinshehe. Akishatajwa Mbaraka, ajali yake ya Januari 1979 kule Mombasa itasimuliwa upya, kisha atafuata Marijani Rajab, kisha ubishi wa Msondo na Sikinde, mpaka adhana ya magharibi itutawanye. Sina ugomvi na orodha hiyo, nami huichangia. Lakini msomaji ukitega sikio vizuri utagundua jambo moja. Tunataja nyimbo, hatutaji albamu. Hakuna anayesema, "Ile santuri yote, upande wa kwanza na wa pili, ni kazi ya maana."

Sababu yake si ngumu kuiona. Sisi tulilelewa na redio. Bendi zilikwenda studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodiwa kwenye tepu, na wimbo ukatufikia hewani mmoja mmoja, kati ya taarifa ya habari na salamu za wagonjwa. Aliyetaka santuri ilimpasa kungoja bendi iende Nairobi, maana miaka ile hatukuwa na kiwanda chetu cha kuzitengeneza. Na hata zilipokuja, nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45, ambazo wimbo mrefu hukatwa vipande viwili: waimbaji wanamaliza upande huu, nawe unainuka kugeuza sahani ndipo upate magitaa yakichemka upande wa pili. Santuri kubwa yenye nyimbo zilizopangwa zisikilizwe kwa mfululizo, kama sura za kitabu, ilikuwa mgeni katika nyumba zetu. Na mgeni asiyejulikana jina husahaulika upesi.

Nataka kuitetea albamu moja ya namna hiyo. Kabla sijaitetea yanipasa nikiri kwamba mimi si shahidi safi. Nakala yake niliifungia kabatini mwaka 1978, na ilikaa humo muda mrefu kuliko umri wa watoto wangu wakubwa.

Albamu yenyewe ni Ave Africa ya bendi ya Sunburst. Bendi hiyo ilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, gitaa lilikuwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo aliyetoka Zaire, besi ilipigwa na Bashir Idi Farhan, dramu na mtu aliyejulikana kwa jina la Johnny Rocks, na kinanda na Kassim Magati. Hawakupiga rumba. Walipiga roki, ila roki iliyokunywa maji ya huku kwetu. Mwaka 1976 walirekodi albamu hiyo nchini Zambia, na ndiyo pekee waliyoacha. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London iliitoa upya ikiwa imeunganishwa na nyimbo zao nyingine za kuanzia 1973, zikiwemo walizorekodi RTD. Hapa Kibiti sijakutana na mtu wa rika langu anayeijua.

Mimi niliijua hivi. Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kisiwa kimoja cha delta ya Rufiji. Nilikuwa na miaka 29, umri mdogo kwa cheo hicho, lakini mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia na shule zilikuwa zikihitaji wakuu kuliko walimu waliokuwapo. Kufika pale ulipanda mashua Nyamisati, ukangoja maji yajae, ukapita kwenye mikono ya mto katikati ya mikoko ambako anayejua njia ni nahodha peke yake. Msimu wa mpunga nusu ya wanafunzi walihamia na wazazi wao kwenye madungu kulinda ngedere, nguruwe na ndege, nami nikabaki na madaftari ya mahudhurio.

Niliyepewa kunisaidia alikuwa kijana wa UPE, mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakisomesha. Alikuwa na miaka kama 18 au 19. Alivaa suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la uwanja, na nywele zake alizifuga zikasimama. Nilimwonya kuhusu nywele mara mbili. Kaka yake alikuwa kibarua kwenye reli ya TAZARA, upande wa Kapiri Mposhi, na siku moja aliporudi likizo alimletea zawadi ya santuri kutoka Zambia.

Shule yetu ilikuwa na redio yenye gramafoni ndani yake, iliyoletwa kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Betri zake zilihesabiwa kwa karatasi, na mhesabu nilikuwa mimi. Jumamosi moja jioni nilisikia kishindo katika darasa la nne. Nilipoingia nilimkuta kijana wangu, amesimama juu ya dawati, na watoto kama 20 wakirukaruka. Sauti iliyotoka kwenye gramafoni ilikuwa nzito, ya kuburuzika, kama mtu aliyeelemewa na jinamizi. Gitaa lilivuma kama jahazi linalokwama kwenye tope. Sikumaliza hata wimbo mmoja. Niliinua sindano, nikaitia santuri kwenye jalada lake, nikaifungia kabatini pamoja na chaki, nikamwambia atakuja kuichukua shule ikifungwa.

Msomaji wa leo asidhani kwamba nilikuwa mtu wa ajabu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 20, na niliafiki kwa moyo wangu wote. Nilikwenda chuo cha ualimu nikiwa na imani hiyo, nikatoka nayo ikiwa na cheti. Kwa hiyo mwisho wa mwaka nilipojaza taarifa ya siri ya yule kijana, niliandika kwamba ana mwelekeo wa kuiga mambo ya kigeni na kutumia vibaya mali ya kisomo. Hakungoja mtihani. Alipanda jahazi la boriti akaenda zake Dar es Salaam, na santuri hakuiulizia tena.

Nilihamishwa shule nne baada ya hapo. Kila nilipohama nilikuta santuri ile ndani ya sanduku la bati, kati ya vitabu, na kila mara nilijiambia nitaitafutia njia ya kumfikia mwenyewe. Jalada liliingia unyevu pembeni. Jina lake nilikuwa nimelisoma vibaya pia: kwa kuwa nililijua neno "Ave" kutokana na wenzangu Wakatoliki chuoni, nilidhani kijana amevamia wimbo wa kanisani. Kumbe ni salamu tu, Afrika inasalimiwa.

Mwaka 2019 mjukuu wangu aliyekuja likizo alilitazama jalada lile, akachezea simu yake kidogo, akaweka kispika chake mezani. Nikasikia muziki mwepesi, wenye kasi, mwimbaji akiwa na koo lililo wazi, dramu zikikimbia. Nikamwambia amekosea, hiyo ni bendi nyingine. Akanionyesha picha kwenye kioo cha simu: jalada lilelile. Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Betri za kisomo zilikuwa zimechoka. Gramafoni ilikuwa haizunguki mara 33 na theluthi kwa dakika kama inavyotakiwa, ilikuwa inajikokota, na kila sauti imeshuka na kuvimba. Watoto wale walicheza hivyohivyo. Mimi nilitoa hukumu.

Tangu hapo nimeisikiliza kwa utulivu, kwanza kwenye simu ya mjukuu, kisha kwenye gramafoni aliyonitengenezea fundi redio mmoja hapa Kibiti. Sasa niseme ninachokisikia.

Muziki wa dansi tuliouzoea una adabu yake. Waimbaji hutangulia, wakatoa kisa na wasia, kiitikio kikajibu, na magitaa na vyombo vya kupuliza vikangoja zamu yao hadi wimbo uchemke. Ni mpangilio mzuri, kama baraza la wazee. Katika Ave Africa hakuna anayengoja zamu. Gitaa la Hembi Flory Kongo linakwaruza tangu mwanzo, linamkatiza mwimbaji, linambishia, halafu linamwachia maneno na kumrudia kutoka upande mwingine. Kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni utovu wa adabu. Ukirudia unasikia kwamba mwimbaji naye anapenda kubishiwa. Mpungo haimbi kwa kubembeleza. Anasukuma sauti kutoka kifuani kama mtu anayeita wenzake ng'ambo ya mto, na anajua hasa wapi pa kuacha ili besi ipite.

Na besi ndiyo iliyonishangaza zaidi. Sisi tuliokulia huku, ambako ngoma haikauki baada ya mavuno, masikio yetu hutafuta chini kwanza. Tunasikiliza ngoma kubwa inasema nini, ndipo tunajua miguu iende wapi. Katika muziki wa dansi wa miaka ile besi mara nyingi ilikuwa mtumishi mwaminifu. Hapa besi na dramu zinaongoza, gitaa linafuata nyuma likilalamika. Watoto wa darasa la nne waliitambua haraka kuliko mwalimu wao mkuu, tena ikiwa imelegea vile.

Sisemi kwamba albamu haina kasoro. Nyimbo za Kiingereza kwangu ni dhaifu kuliko za Kiswahili. Ujumbe wake umebebwa juujuu kama bango la maandamano, na Mpungo akiimba Kiingereza hupoteza ule utani mdogo alionao katika Kiswahili. Usafi wa kurekodi pia si mkubwa, vyombo vimebanwa pamoja kama abiria kwenye mtumbwi mmoja. Na kuna mahali bendi inaonekana haijaamua kama inataka kutuchezesha au kutuhutubia. Lakini nikiwa mwalimu wa miaka mingi nimeshasahihisha insha nyingi zisizo na kosa hata moja na zisizo na kitu. Hii ina makosa na ina kitu.

Turudi kwenye shitaka la uigaji, maana ndilo lililonipa mimi jeuri ya kufunga kabati. Mwaka 1978 ningeulizwa, ningejibu kwamba rumba ni yetu na roki ni ya Wazungu. Leo jibu hilo linaniaibisha. Rumba ilitufikia kutoka Cuba kwa santuri, ikapitia Kongo, ikafika Morogoro, ambako Salum Abdallah aliiongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba. Hapana aliyemwambia Salum Abdallah kwamba anaiga mambo ya kigeni. Alifariki mwaka 1965 akiwa shujaa, na alistahili. Gitaa lenyewe si mti wa huku. Iweje basi gitaa likipigwa kwa namna ya Havana liwe mwananchi, na likipigwa kwa namna ya London liwe mhamiaji haramu? Tofauti ilikuwa moja tu. Rumba tuliipokea sisi na baba zetu, roki waliipokea wadogo zetu bila kutuomba ruhusa.

Wenzetu wa Zambia walilitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Mwaka 1975 peke yake kundi la WITCH lilitoa Lazy Bones!! na kundi la Amanaz likatoa Africa, na leo wapenzi wa muziki duniani wana jina maalumu la roki ya Zambia ya miaka ile: Zamrock. Yetu haina jina. Bendi iliyozaliwa Dar es Salaam iliacha albamu yake pekee katika nchi ya jirani, na nakala moja ikarudi na kibarua wa reli ikaishia kwangu.

Sunburst si peke yao. Patrick Balisidya wa Afro 70 kila mtu anamjua kwa wimbo wa Harusi. Hakuna ukumbi nilioingia, tangu Bungu hadi Ikwiriri, ambao haukuupiga. Lakini muulize anayeucheza kama ameisikia Bado Kijana, albamu iliyotoka mwaka 1979 ambayo Afro 70 waliifanya pamoja na kundi la Archimedes Badkar la Sweden. Atakutazama tu. Balisidya alifariki mwaka 2004, na wengi wetu tulimzika na wimbo mmoja mkononi. Vivyo hivyo Agwaya ya Orchestra Makassy, ambayo Virgin waliitoa mwaka 1982. Humo magitaa na saksafoni vinasikika kwa usafi ambao tepu za redio zetu hazikuufikia, ila wengi huanza kumhesabu Remmy Ongala, aliyepita katika bendi ile, tangu Songs for the Poor Man ya 1989, na Mzee Makassy mwenyewe wanamruka kama daraja. Mtu akinilazimisha kuchagua moja kati ya hizi tatu za kumpa mgeni, nitampa Agwaya kwa sababu haimsumbui mtu. Ave Africa ningempa ninayetaka abaki anafikiri njiani.

Mwaka 2023 nilipata habari kwa msafirisha mchele kwamba yule kijana wangu wa UPE yu hai na amerudi, analima upande wa Bungu. Nilituma salamu mara mbili. Mara ya tatu alikuja, mzee mwenye fimbo, nywele nyeupe zimekatwa hadi kwenye ngozi.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," alisema akiwa bado mlangoni.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ndani."

Nilimwekea chai, nikamweleza habari za betri. Nilimweleza pia habari za taarifa ya siri, neno kwa neno, maana nilikuwa nalikumbuka kila neno. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba taarifa aliijua siku ileile. Nilikuwa nimeiacha mezani, na yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kufagia ofisi. Kuhusu betri alicheka kidogo.

"Tulijua zimechoka, Mwalimu. Tungezipata wapi nyingine? Funguo ulikuwa nazo wewe."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliuliza kama sindano ya gramafoni ni mpya, nikamwambia ndiyo. Akaitoa santuri kwenye jalada, akaipuliza vumbi kwa namna ya mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, akaigeuza, akaweka upande wa pili. Upande wa kwanza, alisema, waliusikia kule kisiwani mara nyingi nilipokuwa nikienda Utete kufuata mishahara. Wa pili ndio waliokuwa wanauanza siku ile nilipoingia.

Tuliusikiliza hadi mwisho. Mguu wake wa kulia, ule usio na maumivu, ulipiga sakafu. Sindano ilipofika katikati na kuanza kukwaruza bure, aliinyanyua mwenyewe, akairudisha santuri kwenye jalada lake bovu, akauliza kama kuna kitu cha kuifungia, kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda upande wa Bungu na yeye amekuja kwa bodaboda. Mke wangu akamletea kipande cha turubai.